Sindano za kulegeza makunyanzi: hesabu yake iko siku ya 14

Ukichomwa sindano ya makunyanzi Jumatatu asubuhi, Jumatatu jioni uso wako ni uleule. Jumanne vilevile. Dawa huanza kushika kati ya siku ya 2 na ya 5, hufikia nguvu zake zote karibu na siku ya 14, kisha hupungua pole pole hadi miezi 3 au 4 ipite. Ratiba hii ndiyo inayowaponza wengi. Vivimbe vidogo na tone la damu siku ya sindano si kitu. Kope lililolala na nyusi zilizokwenda upogo hujitokeza baadaye, aghalabu ndani ya wiki mbili za mwanzo. Kama aliyekuchoma alikuja Malindi kwa wikendi, akafanyia kazi chumba cha hoteli na Jumapili jioni akapanda ndege, utabaki na kope lako peke yako. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza: siku ya 14 nitakuona wapi?

Dawa yenyewe

Watu huziita zote botoksi, ingawa Botox ni jina la bidhaa moja tu. Nyingine zinazojulikana ni Dysport na Xeomin. Zote tatu zina sumu ya botulinamu aina ya A, inayotengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yuleyule anayetia sumu kwenye vyakula vya mikebe vilivyofungwa vibaya. Kichupa cha Botox cha yuniti 100 (yuniti ni kipimo cha nguvu za dawa) kina takriban nanogramu 5 za protini hiyo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kinachoifanya iwe dawa ni kipimo na mahali inapotiwa.

Neva ikitaka msuli ujikaze, humwaga kemikali iitwayo asetilikolini pale inapokutana na msuli. Dawa hii huingia kwenye ncha ya neva na kukata protini inayosaidia kemikali hiyo itoke. Msuli haufi wala haugandi, haupati amri tu. Ngozi iliyokuwa ikikunjwa mara mamia kwa siku inapumzika. Wiki zikipita, neva hujitengeneza na kuanza tena kupeleka amri, ndiyo maana kazi huisha yenyewe.

Hapa pana jambo ambalo wateja hawaambiwi mapema: hakuna dawa ya kuitoa ikishafanya kazi. Anayejazwa midomo au mashavu kwa asidi ya haialuroniki, kazi ikiharibika, kuna kimeng'enya cha kuyeyusha kilichotiwa. Kosa la sindano ya makunyanzi husubiriwa lipite.

Matumizi yake ya kwanza hayakuwa ya urembo. Katika miaka ya 1970, Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, aliijaribu kwa watu wenye makengeza, na mwaka 1989 Marekani ikaiidhinisha kwa makengeza na kwa macho yanayofumba bila hiari. Huko Vancouver, Jean Carruthers, daktari wa macho, na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, waliona wagonjwa waliotibiwa macho wakipotewa na ndita. Wakachapisha matokeo yao mwaka 1992. Idhini ya Marekani kwa ndita za katikati ya nyusi ilitoka mwaka 2002, ya mistari ya pembeni mwa macho mwaka 2013, na ya paji la uso mwaka 2017.

Mkunjo upi unasikia dawa

Simama mbele ya kioo karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni. Kunja uso kwa nguvu kama mtu aliyekasirika, kisha uachie kabisa. Mstari unaotokea ukikunja na kupotea ukiachia ni wa msuli, na huo dawa inauweza. Unaobaki hata uso ukiwa umetulia umeshachimba ngozi. Utapungua kina, pengine utaonekana kama mchoro wa penseli badala ya mfereji, ila usitarajie ufutike kwa duru moja.

Kuna na mikunjo isiyokuwa ya msuli hata kidogo. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na jua lake halina msimu wa huruma. Nahodha aliyekula miaka thelathini akifinya macho dhidi ya mng'ao wa maji ana vitu viwili usoni: mistari ya pembeni mwa macho inayotokana na kule kufinya, na ngozi iliyokauka na kukunjamana kwa jua lenyewe. Sindano itamsaidia ya kwanza. Ya pili inataka kofia, miwani ya jua na losheni ya kukinga jua. Walowezi wa Kiitaliano waliozeeka kwenye fukwe za Malindi wana hii ya pili kwa wingi, na mchomaji anayewaahidi kuiondoa kwa botoksi anawauzia maneno. Ngozi nyeusi hukawia kupata makunyanzi ya jua kwa sababu ya melanini, rangi ya asili ya ngozi, lakini ikivilia damu au ikiwashwa huweza kuacha doa jeusi la wiki au miezi. Mashavu yaliyoshuka, mifuko chini ya macho na madoa ya mkorogo pia si kazi ya sindano hii.

Wanaovaa nikabu hufika na ombi moja: macho, kwa kuwa ndiyo yanayoonekana. Ni ombi la busara, kwani eneo la pembeni mwa macho hujibu vizuri. Ila mistari ikitoka kabisa, kicheko hakifiki machoni kama zamani, na anayesomwa kwa macho tu atalihisi hilo kuliko mwingine. Mwombe mchomaji aanze na kipimo cha chini.

Misuli na vipimo

Ndita za katikati ya nyusi huletwa na misuli miwili inayovuta nyusi ndani na mmoja unaozivuta chini. Kipimo cha kawaida cha Botox hapo ni yuniti 20, zikigawanywa sehemu 5: moja katikati, mbili kila upande, yuniti 4 kila sehemu. Pembeni mwa macho ni yuniti 24 kwa jumla, 12 kila upande katika sehemu 3. Paji la uso ni yuniti 20 katika sehemu 5, na kipimo kilichoidhinishwa kinataka ndita zitibiwe pamoja nalo.

Sharti hilo lina sababu yake. Msuli wa paji la uso ndio pekee unaoinua nyusi. Misuli ya ndita huzivuta chini. Ukilegeza unaoinua ukaacha inayovuta chini ikiwa na nguvu zote, nyusi zitashuka na uso utaonekana mzito, kama mtu aliyenyimwa usingizi. Kuna wazee ambao bila kujua huinua nyusi mchana kutwa ili kope zilizolegea zisiwazibe. Mtu wa namna hiyo akilegezwa paji, ataanza kulalamika kuwa haoni vizuri juu. Jaribio la kumjua ni jepesi: afumbe macho, paji litulie, kisha mchomaji alizuie paji kwa kidole na kumwambia afumbue. Asipoweza kufumbua vizuri bila msaada wa paji, paji hilo liachwe au lichomwe kidogo mno. Mchomaji asiyemfanyia mtu mzima jaribio hili ana haraka ya pesa.

Yuniti za dawa moja si yuniti za nyingine. Ndita zinazotaka yuniti 20 za Botox hutibiwa kwa yuniti 50 za Dysport. Kwa hiyo mtu akijigamba kuwa amepewa 50 ambapo mwenzake amepewa 20, huenda wamepata sawasawa. Jibu la "nilikutia sindano 5" halina maana yoyote: uliza jina la dawa, na yuniti ngapi kila sehemu.

Kichupa kinachoonekana kitupu

Dawa hufika ikiwa kavu. Kichupa cha Botox ukikiinua kwenye mwanga utaona ukungu mwembamba chini, au hutaona kitu. Usishtuke, ndivyo kilivyo. Huchanganywa na maji ya chumvi safi yasiyo na kihifadhi; mililita 2.5 ndani ya kichupa cha yuniti 100 hutoa yuniti 4 kwa kila mililita 0.1, na ndipo hesabu ya sehemu 5 za ndita inapotoka. Ndani ya kichupa kizima hamna hewa, kwa hiyo sindano ikishatoboa kizibo, maji huvutwa ndani yenyewe. Yasipovutwa, kichupa kimeingia hewa na hutupwa. Omba uchanganyiwe ukiona. Mchomaji mwenye kichupa halali hana cha kuficha, na wewe utaona mengi kwa dakika moja: kama boksi lina namba ya toleo na tarehe ya mwisho, kama maji yamevutwa, na kama hayakutiwa mengi kupita kiasi. Maji yakizidi, kichupa kimoja hulisha watu wengi, kila mmoja akapata dawa haba iliyosambaa ovyo.

Botox hukaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na maelezo ya mtengenezaji yanasema ikishachanganywa itumiwe ndani ya saa 24, ikiwa bado kwenye friji. Xeomin kabla ya kuchanganywa huvumilia joto la chumba hadi nyuzi 25, ambalo kwa Malindi au Lamu bado ni joto la chumba chenye kiyoyozi. Fikiria safari ya kichupa mpaka Amu (mji wa Lamu): barabara ya Garsen hadi Mokowe, kisha boti, au ndege hadi Manda na boti tena, halafu friji ya mahali ambapo umeme hukatika. Inawezekana kabisa kukifikisha kikiwa kizima, kwa kisanduku cha baridi na barafu ya kutosha. Basi uliza kilifikaje, kimekaa siku ngapi, na umeme ukikatika friji inashikwa na nini. Dawa iliyoharibiwa na joto mara nyingi haidhuru, ila haifanyi kazi, na wewe umeshalipa.

Siku yenyewe

Kuchomwa hakuchukui zaidi ya dakika 10. Kinachostahili muda ni mahojiano ya kabla. Mchomaji atakutaka ukunje uso, uinue nyusi, ucheke, ufumbe macho kwa nguvu, na atatia alama kwa kalamu. Atakupiga picha uso ukiwa umetulia na ukiwa umekunjwa. Usikatae picha hizo, kwani siku ya 14 ndizo zitakazomaliza ubishi. Ngozi husafishwa, vipodozi vyote vikatoka. Sindano ni nyembamba sana, ya kipimo cha 30 hadi 32, na maumivu yake ni kama ya kuumwa na siafu, barafu hutosha. Vivimbe vinavyobaki hunywea ndani ya nusu saa hivi.

Dawa zinazoifanya damu iwe nyepesi, kama aspirini, ibuprofeni na vidonge vya mafuta ya samaki, huongeza uwezekano wa kuvilia damu. Unazomeza kwa hiari waweza kuziacha kwa wiki moja kabla. Uliyoandikiwa na daktari kwa moyo au kiharusi usiiguse bila yeye kujua.

Wasiochomwa ni hawa: mjamzito na anayenyonyesha, mwenye jipu au maambukizi mahali pa sindano, na mwenye maradhi ya neva na misuli kama miasthenia gravisi. Aliye kwenye dozi ya jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, angoje imalizike, maana dawa hiyo huongeza ulegevu wa misuli. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe asitumie Dysport.

Swali la dini huulizwa sana Amu, na si la kupuuzwa. Dawa zote tatu zina albumini, protini inayotoka kwenye damu ya binadamu, na Dysport ina sukari ya maziwa pia. Baadhi ya vitu vya kukuzia bakteria hutoka kwa wanyama. Baraza la fatwa la taifa la Malaysia mwaka 2006 lilizuia matumizi ya urembo, na matibabu ya lazima likayatenga. Wako wanazuoni wenye rai nyingine, hivyo mpelekee sheikh wako jina kamili la dawa na yaliyomo, asijibu kwa kukisia. Kuhusu saumu, wengi wa wanazuoni wa sasa wanaona kuwa sindano isiyo lishe haifunguzi.

Saa 4, udhu na singo

Utaambiwa usilale wala usiinamishe kichwa kwa saa 4, usisugue uso siku hiyo, na mazoezi mazito uyaache hadi kesho. Ushahidi wa sharti la kutolala ni haba, lakini kulifuata hakugharimu kitu. Kwa anayeswali, nafasi nzuri ni asubuhi: ukichomwa saa mbili, saa 4 zimetimia saa sita kamili, na Adhuhuri ya huku huingia baada ya hapo. Udhu hauna tatizo ukipitisha maji bila kusugua.

Liwa, singo, masaji ya uso na mvuke ni habari nyingine. Kusuguliwa huweza kuisogeza dawa kabla haijashika, na mwali anayeandaliwa husuguliwa kwelikweli. Mashughuli hayo yangoje, siku 1 kwa uchache, na masaji ya nguvu ya uso heri yakae hadi wiki 2. Hina ya mikono na miguu haihusiki.

Harusi ihesabiwe kwa kurudi nyuma. Siku ya 14 ni ya ukaguzi, na kama kuna cha kurekebisha, marekebisho nayo yanataka siku 14 zake. Kwa hiyo sindano ichomwe wiki 4 kabla ya siku ya kutoka, si chini. Anayechomwa Jumatatu ya wiki ya harusi anajitia mashakani, maana kope likilala litalala kwenye picha zote.

Yanayoharibika

Kichwa kuuma siku moja mbili ni jambo la kawaida. Kuvilia damu pia, hasa pembeni mwa macho ambako mishipa iko juu juu.

Kope la juu kulala ndilo linaloogopwa. Hutokea dawa ya ndita ikipenya ndani ya tundu la jicho na kufikia msuli unaoinua kope. Katika majaribio ya ndita lilimpata takriban mtu 3 kati ya 100. Kinga yake ni kuchoma si chini ya sentimita 1 juu ya ukingo wa mfupa wa nyusi na kutosukuma dawa nyingi mahali pamoja. Likitokea, halikai muda wote wa dawa. Aghalabu huachia baada ya wiki chache, na yako matone ya macho ya aprakilonidini ambayo daktari huweza kuandika ili kope liinuke milimita moja au mbili wakati wa kusubiri. Usikubali kuchomwa tena pale pale "kusawazisha".

Nyusi kupanda kwa nje kama mtu anayestaajabu muda wote ni kosa dogo: katikati ya paji imelegea, pembeni haikuguswa. Yuniti 1 au 2 upande wa nje humaliza. Upogo mdogo pia hurekebishwa hivyo, lakini siku ya 14, si siku ya 5. Upande mmoja hushika mapema kuliko mwingine, na anayerekebisha mapema hurekebisha kitu ambacho kingejirekebisha.

Sindano za kuzunguka mdomo mwanzo waachie wengine. Misuli ya pale ndiyo ya kunywea kwa mrija, kutamka "b" na "p", na kutabasamu sawasawa, na kosa la yuniti chache husikika kwenye maneno.

Hatari ya kweli ni dawa bandia, au ya kipimo kisichojulikana. Mwaka 2024 Marekani ilitoa onyo baada ya watu wa majimbo kadhaa kulazwa kwa dalili za botulizimu (sumu hii kuenea mwilini) kufuatia sindano za bandia, au zilizochomwa na watu wasio na leseni. Dalili ni kuona vitu viwili viwili, kope zote mbili kulala, sauti kukauka, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza, mwili kulegea, pumzi kuwa fupi. Huweza kuanza baada ya saa chache au hata wiki. Hali hiyo haingoji boti ya asubuhi: nenda hospitali usiku uleule, useme wazi kuwa ulichomwa, wapi na lini, na uonyeshe namba ya toleo kama unayo. Ipo dawa ya kuizima sumu inayozunguka bado kwenye damu, nayo hufaa zaidi ikiwahi.

Kujua kama mchomaji ni daktari wa kweli hakuhitaji kumwamini mtu: Baraza la Madaktari la Kenya, KMPDC, lina orodha ya waliosajiliwa inayotafutika kwenye intaneti kwa jina. Cheti cha kozi ya urembo kilichotundikwa ukutani si leseni.

Duru ya pili

Isichomwe kabla ya miezi 3 kupita tangu ya kwanza. Kuongezaongeza kila baada ya wiki chache huweza kuufundisha mwili kutengeneza kinga dhidi ya dawa, ingawa kwa vipimo vya urembo ni nadra. Ikiisha nguvu wiki ya 6, kwanza shuku kipimo kidogo, maji mengi au friji iliyozimika, kabla ya kushuku mwili wako. Ili uweze kushuku kwa haki, ondoka na karatasi yenye jina la dawa, namba ya toleo, tarehe, na mchoro wa uso ulioandikwa yuniti kila sehemu. Atakayekuchoma Mombasa au Nairobi mwaka ujao ataanzia kwenye karatasi hiyo.